Makopo Matatu ya Mama Chacha

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia shuleni Gorong'a, wilayani Tarime, nimebeba viatu mkononi. Njia ilikuwa na matope na viatu vilikuwa vya kaka yangu. Sikutaka kumrudishia vikiwa vimeharibika. Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa nje ya ofisi akichonga penseli kwa wembe. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kuinua uso, kisha akanitazama miguu.

"Wewe ndiye mwalimu mpya, au umekuja kulima?"

"Ndimi mwalimu, mzee."

"Basi vaa viatu. Watoto wasione vidole vyako kabla hawajakuogopa."

Alinipa boksi la chaki, daftari la mahudhurio na fimbo, akanipeleka darasa la pili. Nilikuwa mwalimu wa daraja la tatu C, ngazi ya chini kabisa ya ualimu siku hizo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kupewa mafunzo mafupi, basi. Chumbani mlikuwa na watoto zaidi ya tisini, wengine wamekalia matofali, na vitabu vya kusoma vilikuwa sita. Nikamuuliza Mwalimu Mkuu nitawafundishaje wote hao kusoma.

"Waimbishe," akasema. "Wewe soma, wao waitikie. Darasa likisikika mpaka barabarani, wazazi wanajua mwalimu yupo."

Nikawaimbisha. Nilisoma sentensi, watoto tisini wakairudia kwa sauti moja, mpaka ukurasa mzima ukawa kama wimbo. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yangu minne ya mwanzo, na niliifanya kwa bidii. Wazazi waliokuwa wakipita na ng'ombe walisimama kusikiliza.

Mwalimu Mkuu wa sasa wa shule ya hapa kwetu Itiryo ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili ya walimu wake vijana. Alitaka niwaeleze tulivyofundisha zamani na tulivyobadilika. Nimechoka, na nyumba yangu ina kimya ambacho sijakizoea, lakini nimekubali. Atanisamehe nikiandika habari za mke wangu zaidi ya alivyotarajia. Siwezi kueleza kazi yangu bila yeye. Na kuna jambo alilolitaka kwangu, dogo sana kwa mwalimu, ambalo nilimcheleweshea karibu maisha yake yote.

Bhoke nilimwoa mwaka huohuo wa kwanza wa kazi. Kwao kaka zake walikwenda shule, yeye akabaki na ndama. Hakujua herufi hata moja. Kanisani kwetu kulikuwa na siku ya akina mama, mara moja kila mwaka, ambapo wanawake wanaongoza ibada yote na kila mmoja aliyepangiwa anasimama mbele na kusoma maandiko. Kwa kuwa Bhoke alikuwa mke wa mwalimu, walimpangia tangu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kusoma. Alisimama, akafungua kitabu, akasoma vizuri kuliko wote, sauti imenyooka kama maji ya bomba. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na wanaume. Nilijua hasomi, nikadhani ni werevu wa kupendeza tu. Wiki nzima alikuwa amemfuata binti wa jirani amsomee mistari ile mpaka ikakaa kichwani.

Mwaka wa nne akaja Mkaguzi wa Shule wa Wilaya. Siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, lakini jina la zamani lilitisha zaidi. Alikuwa mzee mfupi wa Kikurya, mwenye koti zito hata saa sita mchana. Alisikiliza darasa langu likiimba ukurasa wa tisa, ambao ulikuwa na habari za mbuzi aliyekula nguo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nikaanza kufurahi.

Kisha akamwendea mtoto mmoja wa mbele, Mwita, akachukua kitabu chake, akakifunga, akakifungua penginepo kabisa, kwenye picha ya mvua.

"Soma, mura," akasema, yaani kijana.

Mwita akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa habari za mvua, akasoma habari za mbuzi. Hakukosea hata neno. Mkaguzi akakigeuza kitabu juu chini. Mwita akaendelea, kidole kikitembea vizuri, mbuzi akila nguo. Darasa likacheka. Mkaguzi hakucheka.

"Mwalimu, mtoto huyu anasoma nini?"

"Ukurasa wa tisa, mzee."

"Ukurasa wa tisa uko wapi?"

Nikakitazama kitabu kilichogeuzwa.

"Uko kichwani mwake, umeuweka wewe mwenyewe," akasema. "Hilo si kosa. Kosa ni kwamba ulikuwa unasikia wimbo na kuuita kusoma. Nikikuuliza sasa hivi, kati ya hawa wote, nani anajua na nani hajui, utanionyesha?"

"Siwezi, mzee."

"Angalau wewe ni mkweli," akasema, akaandika ripoti yake.

Mwaka huo siku ya akina mama ilifuata baada ya wiki mbili. Bhoke akasimama mbele na kitabu. Safari hii sikuketi nyuma. Nilikuwa pembeni karibu na dirisha, na niliona ukurasa alioufungua. Maandiko yaliyotangazwa yalikuwa ya mwanzoni mwa kitabu. Yeye alikuwa amefungua karibu na mwisho. Kidole chake kilikuwa kinatembea taratibu kama cha Mwita.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimwambia nimeona. Alitangulia mbele mpaka tukavuka kijito.

"Sasa umejua," akasema. "Basi nifundishe, Baba Chacha. Nataka siku moja nisimame pale nisome kitu ambacho sijasomewa na mtu. Mara moja tu inatosha."

Nikaanza kumfundisha jioni ileile. Hapa sitajitetea. Nilikuwa nimerudi na aibu ya mkaguzi na nilitaka mwanafunzi mmoja atakayenionyesha haraka kwamba najua kazi. Nilimwandikia irabu zote na silabi ishirini kwa mara moja. Nikamsomea, akarudia vizuri. Kesho yake nikamuuliza, hakukumbuka. Nikamsomea tena, akarudia. Kesho kutwa hakukumbuka. Jioni ya tano nilipiga meza, nikasema, "Hata darasa la kwanza wanakushinda." Chacha, mwanetu, alikuwa mgongoni mwake, akashtuka akalia. Bhoke akafunga daftari, akaliweka juu ya kabati, akaenda kusonga ugali. Hakuliulizia tena, na mimi sikulishusha.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa wilaya ya Serengeti, shule iliyokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara ya Mugumu. Huko ndiko nilikojifunza kufundisha. Wakati huo kulikuwa na vituo vya walimu, yaani jengo moja katikati ya shule kadhaa ambako mlikusanyika kupewa mafunzo kazini. Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mpole, mwenye kikohozi, asiyependa kuandika ubaoni. Siku ya kwanza alitugawa makundi mawili. Alitupa karatasi moja yenye habari za magonjwa ya mifugo. Kundi letu liliambiwa tuisome mara nne. Kundi la pili waliambiwa waisome mara moja, waifunike, kisha waandike wanachokumbuka, wafunue waone walichosahau, wafunike tena.

Sisi tulimaliza tukiwa na raha. Wenzetu walikuwa wanajikuna vichwa na kunung'unika. Mmoja wao akasema, "Mama, kundi letu umelionea."

"Tutaonana wiki ijayo," akasema mkufunzi.

Wiki iliyofuata alitupa maswali bila kututahadharisha. Sisi tuliosoma mara nne tulikuwa hatuna kitu. Waliojikuna vichwa walikumbuka sehemu kubwa. Mwalimu Mkuu wangu mpya, aliyekuwa kundi letu, alikasirika kabisa.

"Lakini nilikuwa naijua!" akasema. "Wiki iliyopita nilikuwa naijua yote."

"Ulikuwa unaitambua, mwalimu," mkufunzi akamjibu. "Mtu ukimwona unamtambua. Asipokuwepo, unaweza kumweleza sura yake? Hizo ni kazi mbili."

Alitufundisha mambo machache tu, akayarudia kwa miezi. La kwanza, kitu hukaa kichwani kwa kukitoa. Kukiingiza tena na tena hakutoshi. Muulize mtoto kitabu kikiwa kimefungwa. La pili, acha siku zipite kabla hujauliza tena, mpaka aanze kusahau kidogo; ile taabu ya kutafuta ndiyo inayokaza. La tatu, changanya maswali, usiulize ya kujumlisha yote halafu ya kutoa yote, kwa sababu maisha hayamwambii mtu leo ni siku ya kujumlisha. La nne, ambalo nililikubali kwa shida, ni kwamba mtoto anayejifunza kweli huonekana mzito. Anayekimbia bila kukwama, mchunguze.

Nilirudi shuleni nikaacha kuimbisha. Kila kipindi nilikianza na maswali matano: mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Nilimtaka kila mtoto ajibu peke yake, kwenye daftari, au chini kwenye vumbi kwa asiyekuwa nalo. Kisha nilinyamaza na kupita katikati yao nikitazama. Darasa likawa kimya. Mwalimu Mkuu alikuja mlangoni.

"Mwalimu, darasa lako limefiwa?"

"Wanafikiri, mkuu."

"Wafikirie nyumbani. Azimio la kazi linasema uko wapi?"

Azimio la kazi ni ile ratiba ya mada za mwaka mzima, wiki kwa wiki, na mimi nilikuwa nyuma kwa wiki tatu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Alinivumilia kwa kuwa na yeye alikuwa kwenye kundi lililosoma mara nne, na hakuisahau aibu ile. Mwisho wa mwaka watoto wangu walikuwa wamefika mbali kidogo tu kuliko wa wenzangu. Nasema kidogo kwa sababu vijana mnapenda kusikia miujiza. Walikuwepo waliokuja na njaa, na hakuna swali la jana linaloshibisha. Walikuwepo niliowachapa kwa kusahau, wakati nilikwisha fundishwa kwamba kusahau ni sehemu ya kazi. Fimbo niliiacha polepole, kama watu wanavyoacha tumbaku.

Jioni nilikuwa nikimsimulia Bhoke habari za mkufunzi. Alisikiliza sana. Siku moja akauliza, "Kwa hiyo anayesahau si mjinga?"

"Hapana."

"Mh," akasema, akaendelea kuchambua maharage. Daftari lilikuwa juu ya kabati lilelile. Tulikuwa tumehama nalo. Nilielewa alichokuwa ananiuliza. Nikazungumzia kitu kingine. Kumwomba radhi mke kwa neno lililosemwa miaka ile kulinishinda, nikaona ni rahisi kubaki na heshima yangu ya mwalimu.

Kutoka Serengeti nikapelekwa shule ya karibu na Nyakunguru, upande wa machimbo. Kule mahudhurio yalipanda na kushuka kwa habari za dhahabu. Ikisikika kwamba mwamba umetoa, madawati yanabaki na watoto wa walimu na wa mchungaji. Baada ya wiki mbili wanarudi na vumbi jeupe kwenye nywele, wamesahau kila kitu. Maswali yangu ya mwezi uliopita ndiyo yaliyowaokoa baadhi, maana mada haikuwa imepita moja kwa moja bila kurudi. Mratibu Elimu Kata, msimamizi wa shule zote za kata, alinikuta nikiuliza darasa la sita habari za darasa la tano.

"Mwalimu Marwa, wewe unatembea kinyumenyume?"

"Ndiyo, bwana mratibu. Kuna waliobaki nyuma."

Akacheka. Alikuwa kijana, na mkweli pia. Yeye ndiye aliyeniletea habari kwamba walimu wenye elimu ya darasa la saba tunatakiwa kupata cheti cha kidato cha nne, la sivyo kazi itakuwa mashakani. Nilikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Nilikwenda nyumbani nikakaa kitandani na viatu.

"Nani atakufundisha?" Bhoke akauliza.

"Hakuna. Nitajisomea, nifanye kama mtahiniwa wa kujitegemea."

"Na nani atakuuliza, kitabu kikiwa kimefungwa?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Yeye alikuwa amefikiria. Alileta makopo matatu matupu ya mafuta ya kupikia, yale ya Kenya tuliyokuwa tukinunua Sirari mpakani, akayapanga mezani. Mimi nilikata kadi kutoka kwenye maboksi ya chaki, nikaandika swali kwenye kila kadi. Nilipoandika nilimweleza swali na jibu, mara moja, na yeye akachora alama yake nyuma kwa mkaa: jani kwa habari za mimea, jembe kwa historia ya ukoloni, pembetatu kwa hesabu, na pembeni alama ndogo ya kadi yenyewe. Alama nyingine hata leo sizielewi. Kisha akaweka sheria. Kadi mpya inakaa kopo la kwanza, ambalo ni la kesho. Ukiijibu vizuri inahamia kopo la pili, la mnada, yaani unaulizwa tena siku ya mnada wa kila wiki. Ukiijibu tena inakwenda kopo la tatu, la mshahara, unaulizwa mwisho wa mwezi. Ukikosea popote, inarudi kopo la kesho bila maombi.

Wataalamu wana jina lao kwa jambo hili. Bhoke hakulisikia popote. Alilijenga kutokana na yale niliyomsimulia jikoni, akaweka mnada na mshahara kwa sababu hizo ndizo siku ambazo hakuna mtu Tarime anayezisahau.

Alikuwa mtahini mkali. Hakuweza kusoma kadi; aliniinulia swali nilisome mwenyewe, yeye akitazama alama zake nyuma. Lakini alikumbuka jibu la kwanza nililompa, na mimi nikibadilisha neno ananyanyua mkono.

"Juzi ulisema sababu ni tatu. Leo mbili. Moja imekwenda machimboni?"

"Nimeisahau."

"Kesho," anasema, na kadi inaanguka kopo la kwanza. Nikijaribu kubisha, anasema, "Mwalimu, usiniimbishe."

Angeweza kuzipanga kwa alama zake, lakini alizichanganya kadi zote: jembe, jani, pembetatu, jembe. Niliomba azipange. Akakataa, akasema mtihani hautanipangia. Mwaka wa kwanza nilifanya mtihani wa maarifa, ule wa kukubaliwa kuwa mtahiniwa. Baada ya hapo nikafanya wa kidato cha nne, masomo mengine nikashindwa, nikarudia, nikapata nilichohitaji kubaki kazini. Mratibu alikuja kunipongeza, Bhoke akamletea chai.

"Mama, mumeo ana akili," akasema.

"Anazo," Bhoke akajibu. "Ila zinakaa kwenye kopo."

Tulicheka. Mratibu akaondoka. Bhoke akakusanya kadi, akafunga makopo kwa vifuniko, akayapanga juu ya kabati, juu ya lile daftari. Alisimama pale kidogo akiyatazama. Njia ya kumfundisha nilikuwa nayo mkononi, na mtu alikuwa jikoni kwangu. Nilisubiri aombe. Yeye alikwisha omba mara moja, na kwake mara moja ilitosha. Kila mwaka aliendelea kusimama kanisani na kitabu, sauti imenyooka, ukurasa wowote.

Nilimalizia kazi hapa Itiryo. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Afisa aliyehutubia alisema nimewafundisha kusoma mamia ya watoto wa wilaya hii. Watu wakapiga makofi. Bhoke alikuwa mstari wa mbele na kitenge chake kipya, akipiga makofi pamoja nao. Mimi nilitazama mikono yake nikashindwa kusimama kushukuru. Walidhani machozi yangu ni ya furaha.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajawasha moto, nilishusha makopo na daftari kutoka kabatini. Daftari lilikuwa na vumbi na silabi zangu ishirini.

"Mama Chacha," nikasema, "nilikuambia neno baya. Na nilikuambia uongo. Darasa la kwanza hawakukushinda. Mwalimu ndiye aliyeshindwa."

Akafuta mikono kwenye kanga.

"Umechelewa sana, Mwalimu."

"Najua."

"Macho yenyewe siku hizi yanaona ukungu."

"Tutanunua miwani."

Akavuta kigoda. "Haya. Silabi ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu? Unaniona mgonjwa?"

"Mbili. Na kesho nitakuuliza."

Ilituchukua miaka miwili na zaidi. Sasa mimi ndiye niliyekuwa mtahini, naye alilibadilisha jina kopo la mshahara, akaliita la pensheni, kwa sababu alisema nalo linachelewa. Alisahau sana. Kila aliposahau nilinyamaza, nikahesabu pumzi zangu, nikamwacha atafute. Hiyo kwangu ilikuwa kazi ngumu kuliko miaka yangu yote ya darasani. Mara nyingine neno lilimjia baada ya muda wa kutosha kuchemsha maziwa. Nilipotaka kumsaidia aliniwekea kiganja mdomoni. Majirani walipotukuta walidhani tunacheza karata.

Alianza kusoma majina ya maduka, kisha maandishi kwenye mifuko ya mbolea, kisha kitabu. Alisoma vibaya. Kidole kilisimama, kikarudi, kikasukuma silabi moja moja. Lakini nilipofungua ukurasa mwingine bila kumwambia, kidole na mdomo vilikwenda pamoja.

Siku ya akina mama ilipokaribia, katibu wao alimletea maandiko mapema kama kawaida. Bhoke alimrudishia karatasi bila kuifungua.

"Nipeni siku hiyohiyo," akasema.

"Mama, utasoma bila kujiandaa?"

"Nimejiandaa."

Walimpa mistari minne ya kitabu cha Ruthu. Niliketi tena karibu na dirisha. Alivaa miwani, akafungua, akatafuta ukurasa kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Nikauona ukurasa. Ulikuwa wenyewe.

Alisoma polepole sana. Alisimama mwishoni mwa kila mstari kama mtu anayepumzika mlimani. Mstari wa tatu akakwama kwenye neno moja, mkwewe. Habari ya Ruthu na mama mkwe wake aliijua tangu ujana. Angeweza kuisema yote amefumba macho, na kwa sauti ile yake ya zamani. Hakuisema. Alibaki na lile neno. Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akanong'ona ili kumsaidia, na Bhoke, bila kugeuka, akanyanyua mkono kumzuia. "M," akasema. Akasubiri. "Kwe." Akasubiri. "We." Kisha akarudi, akalisoma zima, akaendelea mpaka mwisho.

Nje, wanawake walimzunguka.

"Pole, Mama Chacha. Macho hayo."

"Zamani ulikuwa unasoma kama maji."

"Uzee hauna huruma, dada yangu."

"Asanteni," akawa anajibu. "Asanteni sana."

Tulitembea mpaka tukapita nyumba za watu. Akavua miwani akaifuta kwenye kitenge.

"Umesikia nilivyosoma vibaya?"

"Nimesikia."

"Wote wamesikia?"

"Wote."

Akacheka, akacheka mpaka akashika tawi la mti. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, hata siku ya harusi. Tulipofika nyumbani, kabla hajavua viatu, alikata kadi, akaandika mwenyewe lile neno mkwewe, akaliweka kopo la kesho.

"Ulilisoma," nikamwambia. "Liweke la mnada."

"Nililisoma kwa shida. Sheria ni sheria."

Hakuiona siku ya mnada iliyofuata. Aliugua kesho yake asubuhi, kabla sijamuuliza, kifua, tukampeleka hospitali, na Ijumaa tukarudi naye akiwa amefunikwa. Walimu wenzangu wa zamani walikuja kuzika. Mmoja wao, aliyeongoza salamu za rambirambi, alisema marehemu alikuwa msomaji mzuri kanisani mpaka macho yalipompa shida mwaka wake wa mwisho. Sikumsahihisha. Halikuwa jambo la kusemea makaburini, na Bhoke angenicheka.

Ninyi walimu vijana mna vishikwambi na semina, na majina mazuri ya mambo ambayo sisi tuliyapapasa. Sina cha kuwaongezea. Ila darasa lako likienda haraka bila kukwama, na kila mtu akafurahi, na mkuu wako akapita akatabasamu, funga kitabu uulize. Na mtoto akikwama, usimnong'onee upesi. Na kama yuko mtu nyumbani kwako aliyekwisha kukuomba mara moja, usingoje aombe mara ya pili.

Makopo yako mezani. Kopo la pensheni limejaa, la mnada lina kadi chache, la kesho lina kumi na moja. Ya juu ni ile ya mwandiko wake, herufi zimelala upande kama uzio uliopitiwa na ng'ombe. Siku za mnada huwa nayasogeza nipanguse meza, kisha nayarudisha vilevile. Kadi ile sijaihamisha. Haijaulizwa.